Mama Auma Aliulizwa Kama Ana Ganzi

Msiniambie ukoma uliisha. Juzi nilikwenda kupimwa presha kwenye kliniki moja hapo Kondele, kama wazee wenzangu, na daktari kijana aliyekuwa zamu, mtoto mzuri tu, ndevu zimechongwa vizuri, tukapiga gumzo. Aliposikia nilifanya kazi ya ngozi akaniuliza niliwahi kuona ugonjwa gani wa ajabu. Nikamwambia ukoma. Akacheka. "Lakini Mathe, hiyo si ni ya kwenye Biblia?" Presha ilipanda pale pale. Aliipima tena akashangaa. Mimi sikushangaa.

Basi nawaandikia nyinyi mnaosomea udaktari na uuguzi, na nyinyi mnaoajiriwa na miradi ya utafiti kuzunguka na tableti mkiuliza watu maswali. Nilikuwa klinikal ofisa wa ngozi maisha yangu yote ya kazi, Kisumu mjini na kando ya ziwa upande wa Bondo mpaka Usenge. Wachuuzi wa soko la Kibuye walinibandika jina Daktari wa Upele, wakawa wananiita hivyo kwa sauti mbele za watu nikinunua nyanya. Jina hilo halikunikasirisha. Yako mengine yaliyonikasirisha, na mpaka leo sijapoa, wala sina mpango wa kupoa.

Aliyenifundisha kazi ni marehemu Bwana Wanyama, klinikal ofisa mzee wa kutoka Busia, mtu wa miraba minne mwenye vidole laini kama vya mshonaji. Akiingia chumba cha wagonjwa kwanza anazima taa. Anavuta kiti cha mgonjwa mpaka dirishani, anamgeuza kwenye mwanga wa jua, halafu anaanza kumpapasa taratibu, macho yake mwenyewe akiyaelekeza nje kwenye maua. Mimi nilikuwa na pupa ya kuuliza maswali. Alinikata kauli mbele ya mgonjwa.

"Wewe Beldina, wacha kuuliza-uliza kama polisi. Shika mutu kwanza."

Nilinuna, lakini nilijifunza. Ngozi yetu nyeusi haijiandiki kama vile vitabu vilivyotufundisha. Vitabu hivyo vimejaa picha za Wazungu, na kila ukurasa unakuambia utafute wekundu. Wekundu! Niliwahi kumwona mwanafunzi wangu anamtazama mtoto ambaye mguu umevimba, unawaka moto ukiugusa, naye anaandika kwa ujasiri kwamba hakuna wekundu, kwa hiyo hakuna maambukizi. Nikamwambia autoe huo mkono mfukoni, ausubiri wekundu mpaka Yesu arudi, au amguse mtoto sasa hivi. Kwetu uvimbe huja na rangi ya zambarau, au ya majivu, au ngozi inazidi tu kuwa nyeusi. Joto ndilo linalosema. Na joto halionekani kwenye picha mnazotumiana kwa simu, mkiandikiana "hii ni nini wakuu?" na wakuu wanajibu wakiwa kwenye foleni ya chipsi.

Nikiwa bado kwenye hasira, niseme pia habari za krimu. Nenda Kibuye upande wa vipodozi utamkuta mama anachanganya krimu kwenye beseni kwa mwiko, kidogo ya hii, kidogo ya ile, na ndani yake tyubu moja kali ya steroidi ambayo haikupaswa kutoka duka la dawa bila daktari. Niliwahi kumuuliza mmoja inatibu nini. "Daktari, hii inamaliza kila kitu." Hakusema uongo. Inamaliza muwasho, inamaliza rangi, mwishowe inamaliza ngozi yenyewe. Choa, yule fangasi wa duara ambaye wengi huku wanamwita mashilingi, akipakwa hiyo anatulia juu kwa siku chache huku chini anatambaa mpaka anapoteza umbo, na hata mjuzi hamtambui tena. Kwa hiyo msimuulize mgonjwa amepaka nini. Atasema Vaseline tu. Mwambieni arudi na mfuko wenye kila kitu kilicho juu ya kabati lake, amwage mezani. Hapo ndipo mtajua mnapambana na nini.

Ni kwa sababu ya hizo krimu nilifurahi sana mradi mmoja wa utafiti ulipokuja. Nilikuwa nakaribia kustaafu. Walikuwa watafiti wenye magari mazuri, friji ya sampuli, kamera nzuri kuliko macho yangu, na swali la maana: kwa nini choa wa kando ya ziwa hawasikii dawa, na ni magonjwa gani mengine, ya kawaida na ya nadra, yanayopita bila kutambuliwa. Msije mkafikiri nachukia utafiti. Nimeona dawa iliyopimwa vizuri ikimrudishia mtoto usingizi. Waliponiajiri nilinunua viatu vipya.

Kasheshe lilianza na lugha. Mradi ulikuwa na vituo vingi, vingine kwa Waluhya, vingine kwetu Waluo, kwa hiyo ofisi iliamua maswali yote yaulizwe kwa Kiswahili kimoja ili majibu yalinganishwe. Kiswahili chenyewe kilikuwa safi, kilichotafsiriwa na mtu anayekijua. Na amri ilikuwa moja: soma swali kama lilivyo. Usiongeze neno, usipunguze, usifafanue.

Swali moja lilikuwa hili: "Je, una ganzi mahali hapo?" Hilo ndilo swali la ukoma. Ukoma unaua mishipa ya fahamu, baka likija linakuja likiwa limekufa, halisikii kitu. Mgonjwa akijibu ndiyo, anatumwa kwenye meza yangu ya mwisho, nami nampima kwa pamba. Akijibu hapana, anapigwa picha, picha inapelekwa kwa wataalamu wanaoitazama kutoka mbali, inarudi na jina la ugonjwa, anapewa tyubu yake. Niliomba niwaguse wote, waliosema ndiyo na waliosema hapana. Nikaambiwa hakuna muda.

Mama Auma aliulizwa. Mama Auma akasema hapana.

Alikuwa mjane, mkaanga samaki wa ufuoni Usenge, mwenye karai kubwa jeusi na kicheko kinachosikika mpaka kwenye mashua. Alikuwa na baka lililopauka, kavu, kwenye mkono wa kulia, kutoka kiwiko kushuka. Picha yake ilirudi imeandikwa choa. Akapewa krimu, akaipaka kwa bidii kila siku kama alivyoagizwa. Mkono ule ndio uliokuwa ukigeuza samaki, na samaki ndio waliokuwa wakiwalisha wajukuu aliobaki nao.

Miezi ikapita, tukaambiwa tuwatembelee nyumbani wale ambao krimu haikuwasaidia. Nikaenda Usenge na Sharon, binti aliyekuwa akisoma maswali. Msichana mwerevu, wa Kakamega, anayefanya kazi yake sawasawa. Mama Auma alitukaribisha uani, karibu na jiko.

"Karibuni, karibuni. Nyar Ugenya, kaa hapo kwa kivuli. Chai iko tayari." Nyar Ugenya ni mimi, binti wa kutoka Ugenya.

Akainama, akashika sufuria iliyokuwa ikitokota. Sufuria za kwetu hazina mikono. Aliishika ukingoni kwa kiganja kitupu, akainua, akaanza kumimina kwenye vikombe, polepole, bila kumwaga hata tone. Nilisikia harufu kabla sijaelewa ninachokiona.

"Mama! Weka chini hiyo sufuria!"

"Kwani iko nini?"

"Inakuchoma!"

Akaiweka, akageuza kiganja, akakitazama kama mtu anayetazama bidhaa ya jirani. "Ai. Hii mkono, bana. Hii mkono ilikufa kitambo. Lweta otho. Nachomeka hata sijui. Si ni kazi ya mafuta?"

Alikuwa na makovu mengi ya kuungua, na kweli kila mkaanga samaki anayo. Hakuna aliyewahi kuuliza. Nikatoa pamba kwenye mkoba, nikaisokota ncha, nikamwambia afumbe macho aniambie kila ninapomgusa. Mkono wa kushoto akanijibu mara zote: hapo, hapo, hapo. Nikahamia wa kulia. Nikagusa baka, nikagusa mkono chini yake, nikagusa kiganja, nikagusa vidole kimoja kimoja. Akakaa amefumba macho, anatabasamu kwa adabu.

"Anza basi, daktari," akasema.

Nilikuwa nimeshaanza kitambo.

Nikampapasa nyuma ya kiwiko, pale mshipa wa fahamu unapopita juu ya mfupa. Ulikuwa mnene kama kamba ya kuanikia nguo. Sikuhitaji kitabu kujua kwamba ni ukoma. Nikashukuru kwamba bado amefumba macho.

Sharon ndiye aliyeuliza. "Lakini Mama, si nilikuuliza kama una ganzi?"

"Uliniuliza."

"Na ukasema hapana."

"Sasa ningesema nini, nyathina, mtoto wangu? Hapo mbele kwa foleni mtu amenishow ati niko na mashilingi. Halafu wewe unakuja kuniuliza kama niko na ganji. Nikasema sina. Ningesema niko na ganji, mngenipea hiyo dawa ya bure kweli?"

Kama hamjui, ganji ni pesa kwa lugha ya vijana wetu wa mjini, na imeshafika mpaka ufuoni. Ganzi hakuna anayeisema huku. Huku mkono unakufa, mguu unalala, na ukitaka kujua zaidi uliza kwa Dholuo. Tena ndimi zetu Waluo na hiyo z hazijawahi kuelewana. Msichana anasema ganzi, mama anasikia ganji, na mama maskini aliye kwenye foleni ya dawa ya bure anatoa jibu la akili kabisa.

Sharon aliangua kicheko. Nami nilicheka. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo, kwamba ni kichekesho kweli. Ukikisimulia harusini watu watashika mbavu. Halafu Sharon akaziba mdomo kwa mikono miwili, kwa sababu alikuwa ameanza kufikiria ni watu wangapi amewasomea swali lile, na wangapi walitingisha kichwa.

Nikarudi Kisumu na vumbi langu mpaka ofisini kwa mkuu wa mradi. Daktari bingwa, mstaarabu, anayevaa tai hata Jumamosi. Nikamweleza yote. Akasikitika, nakiri alisikitika. Nikamwambia nataka mambo matatu: neno libadilishwe, tuwarudie wote waliosema hapana tukiwa na pamba, na Mama Auma aanze dawa leo.

"Daktari Beldina, nakuelewa," akasema. "Lakini tukibadilisha swali katikati ya utafiti, majibu ya mwanzo na ya mwisho hayatalingana. Tutachafua takwimu."

"Takwimu zenyewe si ndizo chafu?"

"Hilo tutalijadili kwenye ripoti kama upungufu. Kuwarudia watu hakumo kwenye bajeti. Na huyo mama, kama si choa, basi kwa utaratibu anaondolewa kwenye utafiti."

"Anaondolewa anaenda wapi?"

Akatazama dirishani. Utaratibu haukuwa na mahali pa kumpeleka. Akiwa na choa alikuwa wao. Alipokuwa na ukoma hakuwa wa mtu yeyote.

Nilisema maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, kwa kuwa wajukuu wangu wanasoma. Kisha nikamchukua Mama Auma mwenyewe, nikampeleka hospitali ya serikali. Dawa za ukoma ni bure, zinatolewa hapo hapo wanapotibu kifua kikuu, na zinaponya. Mlisikie hilo vizuri: zinaponya. Mtu akianza dawa, baada ya muda mfupi hawezi kumwambukiza mtu. Walimchoma kidogo kwenye ndewe ya sikio, wakatazama kwenye darubini, wakawaona wadudu. Akaanza dawa, na vidonge vingine vya kutuliza mshipa. Daktari wa pale aliniita pembeni. Akaniambia mshipa ukiwahiwa ungali mgonjwa, mara nyingi mkono hurudi. Huu ulikuwa umeachwa miezi mingi mno.

Miezi ya krimu ya choa. Nikiwa napika, nikiwa kanisani, hiyo miezi hunijia na napandwa na hasira mpya kabisa.

Sharon akaja nyumbani kwangu siku moja akasema hawezi kulala vizuri. Basi Jumapili baada ya ibada tukawa tunapanda gari kwa nauli zetu, ufuo kwa ufuo, na pamba kwenye pochi. Hatukuuliza habari ya ganzi. Tulimwambia mtu fumba macho, niambie nikikugusa. Kwa Dholuo, kwa Kiluhya chake Sharon, kwa Kiswahili chetu hiki kilichovunjika ambacho watu wanaelewa. Tuliwapata wengine. Sitasema ni wangapi, maana kila nikitaja idadi mtu huniuliza kama hao ni wengi vya kutosha. Ofisi ilipopata habari, mkataba wa Sharon haukuongezwa. Mimi nilikuwa nastaafu, hawakuwa na cha kunifanya.

Kwa Mama Auma ugonjwa ulisimama. Mkono haukurudi. Vidole viwili vya mwisho vilijikunja, vikabaki hivyo. Nilimfundisha kushika sufuria kwa kitambaa kinene, kutumia mwiko wa mti mrefu, na kila jioni kukagua kiganja kwa macho kama anavyokagua samaki, kwa sababu macho ndiyo yaliyobaki ya kumwambia ameumia. Alifanya yote. Lakini habari zilishatembea ufuoni. Wengine wakasema ni chira, ile laana ya kuvunja miiko. Wengine walihamia tu kwa mkaanga samaki wa pili. Karai lake lilikaa kavu siku nyingi. Nilikaa naye hapo mara kadhaa nikila samaki mbele za watu, kwa makusudi, mpaka mafuta yakanikinai. Wateja wachache walirudi. Wengi hawakurudi.

Halafu mradi ukaisha, na tukaalikwa kwenye mkutano wa kutangaza matokeo, katika hoteli moja nzuri Kisumu, yenye viti vilivyovishwa vitambaa na maji ya chupa kila meza. Mama Auma naye alialikwa, aseme maneno mawili kwa niaba ya wananchi. Alivaa gauni lake la kanisani la buluu na kofia. Nilikaa karibu naye mstari wa mbele.

Mkuu wa mradi akasimama na tai yake. Akaonyesha michoro. Akafika mahali akasema mradi ulifanikiwa pia kuwagundua wagonjwa wa ukoma, ugonjwa wa nadra, ambao bila utafiti huu wasingejulikana. Watu wakapiga makofi. Nilimtafuta Sharon kwa macho nikakumbuka hakualikwa. Kisha mkuu akatufundisha, na alifundisha vizuri, siwezi kumnyima haki yake. Akasema ukoma unatibika. Akasema mtu aliyetibiwa haambukizi. Akasema tuache unyanyapaa, tule nao, tusalimiane nao, sisi ndio wa kutoa mfano.

Mama Auma akaitwa. Akapewa maikrofoni, akaishika kwa mkono wa kushoto.

"Mimi sina mengi," akasema. "Nilikuwa naumwa, nikapewa dawa, nikapona. Hii mkono haikupona, lakini niko. Erokamano. Mungu awabariki."

Akarudisha maikrofoni kwa mkuu wa mradi. Kisha, kwa adabu za kwetu, mtu akishakushukuru anakupa mkono, akamnyooshea ule wa kulia.

Yule bwana aliutazama. Nilimwona akiutazama, vile vidole viwili vilivyojikunja. Akaishika maikrofoni kwa mikono yote miwili, akainamisha kichwa, akasema, "Asante sana, Mama. Asante sana." Ukumbi ukapiga makofi tena.

Mama Auma hakuushusha mkono. Nadhani alifikiri bwana anatafuta mahali pa kuweka maikrofoni. Alibaki amesimama na gauni lake la buluu, mkono mbele, anatabasamu, anamngoja.

Niliinuka kwenye kiti changu, nikaenda, nikaushika mimi. Niliushika kwa nguvu, kwa mikono yangu miwili. Yeye akaendelea kumtazama yule bwana, anangoja bado. Ni pale alipotazama chini, akaona vidole vyangu juu ya vyake, ndipo alipojua kwamba ameshikwa.